Unene wetu haukutoka buchani

Chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia niliyoifungua nyumbani kwangu tarehe 3 ilikwisha tarehe 8. Nina hakika kwa sababu niliandika tarehe ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito. Tuko wanne nyumbani. Siku hizo sita hatukuwa na mgeni, hatukukaanga samaki wala kupika maandazi. Mafuta yalikwenda kwenye vitunguu vya kila siku, mchicha, wali wa jioni, mayai ya asubuhi na chapati za Jumapili. Lita moja ina gramu 920 hivi za mafuta, na kila gramu, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi, ina kalori 9. Hizo ni kalori 8,280. Gawa kwa watu wanne, kisha kwa siku sita: kila mmoja wetu alikuwa akila kalori 345 za mafuta kwa siku. Ni kalori zilezile zilizomo kwenye gramu 100 hivi za unga wa mahindi, yaani ugali wa mtu asiye na njaa kali, ambao hakuna aliyeuona ukipakuliwa.

Miaka hii ushauri wa kupunguza uzito umekuwa wimbo wa ubeti mmoja: acha nyama, kula mimea. Unausikia redioni, kwenye simu, kwa jirani aliyetoka kliniki. Naunga mkono mwelekeo wake, na nitaeleza kwa nini. Lakini ukimfikia mkazi wa Temeke, Mwanza au Mombasa jinsi ulivyo, unamwacha palepale alipokuwa, maana ulitungwa kwa ajili ya sahani isiyo yake. Mmarekani wa kawaida anayeambiwa apunguze nyama anaondolewa kitu kilichokaa katikati ya mlo wake kuanzia asubuhi hadi usiku. Familia zetu nyingi zikiambiwa hivyo zinaondoa vipande vitatu vilivyokuwa vikiogelea kwenye mchuzi wa Jumapili. Vinavyobaki ni ugali wa sembe, wali uliotiwa mafuta, chapati, maandazi, chipsi, chai yenye vijiko vinne vya sukari, na soda. Vyote hivyo asili yake ni mimea: mahindi, mpunga, ngano, viazi, mchikichi, muwa. Hakuna hata kimoja kilichotoka buchani.

Na bado tunanenepa. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Uliporudiwa mwaka 2022, kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa wamepita theluthi moja. Kenya, mwaka huohuo wa 2022, ilikuta hali hiyo kwa wanawake 45 hivi katika kila 100 wa umri huohuo. Siwezi kulieleza ongezeko kama hilo kwa nyama, katika nchi ambazo nyumba nyingi bado zinahesabu nyama kuwa ya wikiendi na ya sikukuu. Naliona kwenye mafuta, sukari na unga mweupe.

Kwa hiyo neno "mimea" peke yake halitusaidii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Ambika Satija akiwa mmoja wao, walilitenganisha vizuri mwaka 2016 walipochambua ulaji wa Wamarekani zaidi ya 200,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliweka upande mmoja nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga, matunda na karanga. Upande wa pili wakaweka mkate mweupe, chipsi, vitu vitamu na vinywaji vya sukari. Waliokula zaidi mimea ya upande wa kwanza walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache zaidi. Waliokula zaidi mimea ya upande wa pili walikipata kwa wingi zaidi. Wote wangeweza kusema wanakula mimea.

Sasa nije kwenye kinachopunguza uzito. Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha jaribio dogo lakini lenye uangalizi mkali. Watu 20 walihamia hospitali ya utafiti kwa wiki nne, kila tonge lao likipimwa. Kwa wiki mbili walipewa chakula cha mimea chenye mafuta kidogo sana, kiasi cha asilimia 10 tu ya nishati yote. Kwa wiki mbili nyingine walipewa chakula kilichojaa vitu vya wanyama na kukosa karibu wanga wote. Hakuna aliyekatazwa kuongeza; waliambiwa wale mpaka watosheke. Walipokuwa kwenye mimea walikula pungufu kwa kalori 689 kwa siku, na hawakusema wana njaa zaidi. Wiki zile za nyama mizani ilishuka upesi pia, ila sehemu kubwa ya kilichoondoka haikuwa mafuta ya mwili. Mafuta yalipungua kwa uhakika wakati wa mimea.

Jambo moja katika jaribio hilo ningependa lisomwe mara mbili. Katika mlo ule wa mimea, robo tatu ya nishati ilitoka kwenye wanga. Hapa kwetu tumeaminishwa kwamba wanga ndiyo adui, mpaka mtu anaogopa kiazi kitamu kilichochemshwa huku akinywa mchuzi uliofunikwa na tabaka la mafuta. Wanga ule wa Marekani ulikuja na maji yake, maganda yake na nyuzinyuzi zake, zile ambazo wataalamu wa lishe wanaziita makapimlo, na haukukaangwa. Lakini nisifiche upande mwingine: sukari ya damu baada ya kula ilipanda juu zaidi wakati wa mimea kuliko wakati wa nyama. Mwenye kisukari ana sababu ya kulijua hilo kabla hajabadili chochote.

Jaribio la wiki nne ni fupi. La New Zealand lilikwenda mwaka mzima. Lilifanyika Gisborne, mji mdogo wenye tatizo kubwa la unene, na matokeo yake yalichapishwa 2017. Watu 65 wenye uzito mkubwa, wengine wakiwa na kisukari au maradhi ya moyo, waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. Kundi la pili lilifundishwa kula nafaka nzima, jamii ya kunde, mboga na matunda, na kuacha mafuta ya chupa. Hawakupimiwa kiasi wala kulazimishwa mazoezi. Baada ya miezi sita walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 12 hivi, na mwaka ulipoisha bado walikuwa chini kwa zaidi ya kilo 11. Wanaopunguza uzito wanajua jinsi kilo zinavyopenda kurudi, na hapo ndipo uzito wa matokeo hayo ulipo. Ila wale watu hawakuachwa peke yao na karatasi ya maelekezo. Kwa wiki 12 za mwanzo walikutana jioni mbili kila wiki, wakaonyeshwa mapishi, wakafundishwa na kuulizana maswali. Bila jioni zile za pamoja, sina hakika kilo zingeshuka vile.

Siri yenyewe ni ya tumbo. Tumbo linasikia ujazo na uzito wa chakula kabla halijasikia kalori. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori 120 hivi, na ili upate kalori hizo kwenye mchicha uliochemshwa utahitaji kula nusu kilo au zaidi. Kijiko cha mafuta hakijazi hata pembe ya shavu. Mwaka 1995 watafiti wa Sydney, Australia, walilisha watu vyakula 38 kwa kiasi chenye kalori sawa, kisha wakawauliza kwa saa mbili wameshiba kiasi gani. Kilichoshibisha kuliko vyote kilikuwa kiazi cha kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kiazi kilekile tunachokitazama kwenye karai la chipsi! Gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kalori 90 hivi. Kikimenywa, kikakatwa na kuzamishwa kwenye mafuta, maji yanatoka na mafuta yanaingia, na gramu 100 zinapita kalori 300. Kisha linavunjwa yai juu yake, inaongezwa mafuta kidogo pembeni ili zege, yaani hizo chipsi mayai, lisigande, na linashushiwa na soda yenye sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Muuzaji hana kosa. Anauza chakula cha moto, cha haraka, kinachoshika tumbo la kijana aliyesimama kutwa.

Mahindi nayo yamefanyiwa jambo la kusikitisha. Nenda mashine ya kukoboa yoyote mtaani, utakuta magunia mawili. La kwanza lina sembe, nyeupe kama chaki, la binadamu. La pili lina pumba, yaani ganda lenye nyuzinyuzi pamoja na sehemu kubwa ya kiini chenye vitamini, na hilo linanunuliwa na wafugaji. Tunabaki na wanga mtupu, na kuku tunawapa kilichokuwa kinatushibisha. Dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, inauzwa, na katika maduka mengi bei yake haizidi ya sembe. Lakini mtu akimpikia mgeni ugali wa dona anajisikia aibu, kana kwamba ametangaza mwisho wa mwezi.

Hapa kwetu elimu hii ina historia, na inaniuma tunapoisikia kama habari ya kigeni. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30 kuanzia 1929. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala, hadi miaka ya 1960. Wote wawili waliona wodini kitu ambacho wenzao wa Uingereza hawakukiona: shinikizo la damu, kisukari, kidole tumbo na unene vilikuwa adimu kwa wagonjwa wao. Katika miaka ya 1970 waliieleza dunia kwamba sababu moja kubwa ni nyuzinyuzi katika chakula cha wanakijiji wa Afrika. Ulaya na Marekani ziliwasikiliza, na hadi leo boksi la nafaka za asubuhi huko linajisifu kwa nyuzinyuzi. Sisi tuliotolewa mfano tukaenda kununua mkate mweupe.

Nina pingamizi kwa wazee hao. Watu waliowaona walitembea, walilima kwa jembe la mkono, walichota maji mbali. Kuuhesabia mlo peke yake afya yote ile ni kurahisisha. Tena Trowell huyohuyo alitumia miaka mingi akihangaika na kwashiakoo, watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele kwa sababu waliachishwa ziwa na kupewa wanga mtupu. Mlo wa mimea wa zamani haukuwa pepo. Palipokuwa na ndizi bila maharage, mihogo bila kunde wala dagaa, watoto walikufa. Anayetaka kurudi kwenye chakula cha bibi ni vizuri ajue ni bibi yupi.

Ushahidi mpya zaidi umetoka Moshi. Mwaka 2025 watafiti wa Hospitali ya KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wakiongozwa na Quirijn de Mast, walichapisha jaribio la wanaume 77 wenye afya njema kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili, chenye ndizi, maharage, mboga na ulezi, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi. Baadhi ya waliozoea vya mjini wakarudishwa kwenye vya asili. Walipimwa damu. Waliohamia vya mjini walionyesha kinga ya mwili iliyowaka, kama mwili unaopigana muda wote bila adui wa wazi, hali inayoandaa njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Waliorudi kwenye vya asili walionyesha kutulia, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Lengo la jaribio halikuwa uzito. Nalitaja kwa sababu ni damu ya watu wetu, kwa vyakula vilivyomo sokoni kwetu, na wiki mbili tu zilitosha kuonyesha tofauti.

Sasa turudi mezani, maana kikwazo kikubwa nakiona kwenye lugha tunayotumia mezani. Mtu anauliza, "Leo mboga nini?" Anajibiwa, "Mboga leo nyama." Mgeni wa Kiswahili hushangaa, sisi hatushangai. Kwetu chakula ni ugali au wali, na kingine chochote, kiwe majani, maharage, samaki au nyama, ni mboga, kitu cha kusindikizia. Mtu aliyekula bakuli zima la maharage bila ugali atakuambia hajala. Kwa hiyo sahani inajengwa kwa mlima wa wanga, na pembeni vijiko viwili vya mboga vilivyotiwa mafuta na chumvi za kutosha kuuteremsha mlima ule. Mboga ikiwa kidogo lazima iwe kali, na njia rahisi ya kuifanya kali ni mafuta. Kila mara nikiangalia sahani hiyo naona unene wetu umepangwa humo kwa mantiki kabisa.

Nilichofanya nyumbani ni kugeuza kazi za sahani. Maharage, kunde, choroko au mbaazi zilichukua zaidi ya theluthi. Majani yakachukua nafasi kubwa kuliko hayo. Ugali wa dona ukawa ngumi moja, au kiazi kitamu, au ndizi ya kuchemsha. Siku nyingine tunapika makande, ambayo kwa maoni yangu ni moja ya vyakula vilivyotungwa kwa akili nyingi kuliko vyote tulivyorithi: mahindi mazima na maharage katika sufuria moja, yakikamilishana. Mafuta yakahamia kwenye kijiko. Zamani mkono uliinamisha chupa juu ya sufuria na jicho likakadiria. Sasa ni kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria nzima, vitunguu na nyanya vinaanza pamoja, mfuniko unawekwa, moto unapunguzwa, na maji ya nyanya yanafanya kazi iliyokuwa ya mafuta. Kisamvu kinapata karanga za kutwanga, kwa kipimo, kwa kuwa karanga nazo zina mafuta mengi. Tui la kwanza la nazi tumelibakiza kwa siku maalumu. Mlenda na bamia havikuhitaji mabadiliko yoyote.

Chupa iliyofuata, nayo ikiwa na tarehe ubavuni, ilikaa siku 16. Hesabu yake ni kalori 129 kwa mtu kwa siku, pungufu ya kalori 216 kutoka ile ya kwanza, kabla hata hujahesabu sembe na soda zilizopungua. Katika miezi tisa mizani yangu ilitoka kilo 91 ikafika 83, na nyama sikuiacha. Naila mara moja au mbili kwa wiki, na dagaa mara nyingi zaidi. Nyumba moja haithibitishi kitu. Naitaja kwa sababu mtu anaweza kuijaribu kesho bila kununua chochote zaidi ya kalamu.

Gharama ipo, na anayesema chakula hiki ni rahisi bila kufafanua hajawahi kununua mkaa wa kupima. Maharage makavu hula moto kwa saa mbili au zaidi. Chipsi ziko tayari ndani ya dakika kumi, na moto si wako. Mama anayerudi saa moja jioni kutoka kibaruani hawezi kuanza kuchemsha kunde. Tuliyaloweka maharage usiku kucha, tukayapika mengi Jumamosi, tukayagawa kwenye vikopo na kuyagandisha. Asiye na friji anaweza kutegemea choroko na dengu, zinazoiva upesi zaidi. Ila namwelewa anayeshindwa. Wazo la kila mtu kuchemsha maharage yake kwenye jiko lake la mkaa, kila nyumba peke yake, linamtwisha mwanamke kazi nyingine juu ya kazi. Ningefurahi kuona maharage yaliyoiva yakiuzwa kwa bakuli kila mtaa jioni kama zinavyouzwa chipsi. Yakiwa ya moto na ya bei nafuu, yatakuwa yamefanya kazi kubwa kuliko semina mia moja.

Chai za kupunguza tumbo zinazotangazwa kwenye simu sitazisemea sana. Nyingi zina sanamaki au vitu vya jamii yake, mtu anaharisha, mizani inashuka kwa maji yaliyotoka, na wiki ijayo kilo zimerudi pamoja na maumivu.

Kuna kikwazo kingine ambacho ni cha moyo. Nilipopungua kilo tano za kwanza nilikutana na shangazi yangu msibani. Nilimwamkia, akanishika mkono, akaupima kwa vidole vyake, akanivuta pembeni. "Mwanangu, una nini? Mbona umekwisha hivi?" Hakuwa akinitania, macho yake yalikuwa na hofu ya kweli. Kizazi chake kiliona watu wakikonda na kufa katika miaka ya 1980 na 1990. Uganda ugonjwa wenyewe, UKIMWI, uliitwa "Slim", yaani mwembamba, na ng'ambo ya mpaka, Kagera, nyumba nzima zilifungwa. Kwa aliyepita kipindi kile, mwili mnene ni habari njema, ni ushahidi kwamba mtoto wake yupo na yuko salama. Madaktari wetu wanaposema "punguza uzito" nadhani hawajui neno hilo linapita kwenye makaburi mangapi kabla halijamfikia mgonjwa. Nilimweleza shangazi taratibu ninachokula na kwa nini, nikamwambia vipimo vyangu vyote. Aliniamini nusu. Tangu siku hiyo nasema "nimejipunguza", kamwe sisemi "nimekonda".

Vyakula vyenyewe navyo vimebeba aibu isiyo yao. Maharage tumeyalishwa bwenini kila siku, yakiwa na wadudu na maji mengi, na mtu akianza kupata mshahara anaapa hatayarudia. Kenya majani bora kabisa yanaitwa sukuma wiki, jina linalomwambia mlaji kwamba hapa tunasogeza siku mpaka pesa ipatikane. Mnavu, mgagani, majani ya kunde: mtu anavipika akiwa peke yake, akisikia hodi anafunika sufuria. Hili halitaondolewa na takwimu. Linaondolewa na chakula kitamu kilichopikwa kwa heshima, na kupakuliwa kwanza kwa mgeni.

Nasisitiza mambo machache kwa sababu yanaweza kudhuru. Mtoto mdogo asiingizwe kwenye mlo huu wa watu wazima wanaojipunguza. Kinachomsaidia mtu mzima, yaani ujazo mwingi na nishati kidogo, ndicho kinachomdhuru mtoto wa mwaka mmoja mwenye tumbo dogo. Yeye anahitaji mafuta kwenye uji, yai, dagaa waliosagwa, maziwa. Mjamzito asijipunguze uzito kwa ushauri wa makala. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na waliojaribiwa kule New Zealand walipewa vidonge vyake. Asiyekula kabisa samaki, mayai wala maziwa naye anavihitaji. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi, akibadili mlo ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie, kwa hiyo aanzie kliniki. Mwenye figo zilizochoka aulize kuhusu potasiamu kabla ya kujaza sahani maharage na majani.

Karibu na kituo ninaposhukia kuna mama lishe ninayekula kwake mchana. Mchicha wake ni mzuri, anaupika haraka na haupotezi rangi, lakini mwishoni huchota upawa wa mafuta ya moto na kuumwagia juu. Nilimuuliza kwa nini. "Ung'ae, kaka. Mboga isiyong'aa watasema nimewapikia wagonjwa." Nikamwomba dada huyo aniwekee yangu pembeni kabla ya upawa, kwa bei ileile, na maharage aniongezee badala ya ugali wa pili. Alicheka, akaniwekea kwenye sufuria ndogo yenye mfuniko wa bluu. Baada ya wiki chache dereva mmoja wa bodaboda akauliza ile ya mfuniko wa bluu ni ya nani. Kisha mwalimu wa shule ya jirani. Sufuria ikabadilishwa, ikaja kubwa zaidi. Juzi nilichelewa, nikafika saa nane, nikakuta imekwisha tangu saa saba.